Kura ya Njia ya Tembo

Mwenyekiti wa halmashauri aliuliza nani anakubali njia ya tembo ifunguliwe upya, ili waache kukanyaga mahindi ya watu. Diwani mmoja alitazama ramani ukutani. Mstari mwekundu wa njia hiyo ulikata shamba la mama yake katikati.

Mkono wake ukabaki mezani.

Mama mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, udongo bado umemganda kwenye kucha.

"Mwanangu, unangoja nini?" akasema kwa sauti. "Tembo hawajui kusoma hati yangu. Nimechoka kupiga madebe usiku kuwafukuza. Wape njia yao, mimi nitalima kule bondeni mlikonitengea."

Ukumbi ukacheka. Diwani akainua mkono, machozi yakimlengalenga. Mwenzake aliyekuwa akipinga tangu asubuhi akakuna kichwa, kisha akainua wake.