Kona Yenye Giza

Haya nilihadithiwa juzi na mjukuu wangu wa kike, mpiga picha, tukichambua mboga.

Alikuwa kwa baba yake, akigeuza picha mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera, za harusi ya mdogo wake ziwe bitimapu, picha za mtindo wa zamani, maana kompyuta ya mzee haifungui nyingine. Picha mbichi hukubali kuongezwa mwanga. Ikishageuzwa imeiva, haiongezwi chumvi.

Bibi harusi alikuwa amenuna tangu siku ile: baba hayumo hata katika picha moja.

Binti akapandisha mwanga kwenye kona yenye giza ya picha moja. Nyuma ya pazia akatokea baba, leso mdomoni, mashavu yamelowa.

“Si ulisema ulikwenda kuangalia jenereta?”

“Nilikwenda. Moshi ukaniingia machoni.”

“Moshi, baba, ndani ya ukumbi?”

Mzee akakohoa. “Rudisha giza, mama.”

“Mdogo wangu anadhani hukujali alipoondoka.”

Mzee akagusa kioo cha kompyuta, palepale kwenye shavu lake. “Basi acha mwanga. Kidogo.”

Akaacha kidogo.

“Ongeza.”

Akaongeza.

“Ongeza tena. Yule haoni vizuri, kama mimi.”

Binti akabonyeza. Kompyuta ile kongwe ikajikokota kama konokono, na kabla haijamaliza kuigeuza, mzee alikuwa amesinzia kitini.