Maji kwenye Mkono wa Ruth

Maji yenyewe yalikuwa safi. Hilo Ephraimu angeweza kuapa hata mbele ya mchungaji: yalitekwa mferejini, yakachemshwa, yakaachwa yapoe. Aliweka tone moja tu kwenye mkono wa mtoto Ruth, kisha akakwaruza kwa sindano, kama alivyokwaruza mamia ya mikono hapo Akheri mlimani tangu serikali ya Mwingereza impe kazi ya udresa, kuhudumia wagonjwa zahanatini.

Ruth hakulia. Aliyelia ni mama yake, Penina.

"Asante, baba Kaanaeli," alisema akijifuta kwa ncha ya kanga. "Nisamehe kwa kukusumbua miaka yote ile."

Kumsumbua! Mara tatu Ephraimu alikuwa amepanda hadi kwa Penina kumbembeleza amlete mtoto achanjwe ndui, na mara tatu akafukuzwa. Mara ya nne alimsema kanisani, watu wote wakisikia, kwamba ni mama mjinga anayemchimbia mwanawe kaburi. Sasa ndui ilikuwa imeshaua wawili huko chini barabarani, na Penina amekuja mwenyewe, asubuhi na mapema, wa kwanza mlangoni. Naye akampa maji.

Dawa ilikuwa imebaki ya mtu mmoja. Kimrija kimoja cha kioo, chembamba kama njiti ya kiberiti, alikuwa amekificha ndani ya gogo la mgomba kisipate joto. Nyingine ingeletwa kutoka mjini Arusha, labda baada ya wiki mbili, mvua ikiruhusu. Na Ephraimu alikuwa na mtoto wake.

Hapo ndipo penye aibu. Dresa aliyechanja mlima mzima hakuwahi kumchanja Kaanaeli, mwanawe wa pekee. Mwanzoni mwa kazi alimchanja mtoto mchanga mmoja kule kijijini Usa, na siku ya tatu yule mtoto akafa. Daktari Mzungu alisema ni malaria. Ephraimu aliitikia, "Ndiyo, bwana," ila moyoni hakusadiki hata kidogo. Tangu siku hiyo watoto wa wenzake aliwachanja, wa kwake akamwandika tu kwenye daftari. Mkewe Marta alipouliza, alimjibu kwa ukali kwamba hayo si mambo ya wanawake.

Lakini jamani, ndui ikiwa mbali mtu huogopa sindano. Ikifika kwa jirani, mama wee, sindano hiyo hiyo unaitafuta kwa tochi.

Mchana ule alifunga zahanati mapema akaenda nyumbani na kimrija chake. Marta alikuwa anamenya ndizi. Alipokiona, akaweka kisu chini.

"Unamchanja Kaanaeli? Leo?"

"Leo."

Marta akamtazama mtoto, akamtazama mume. "Na wale wengine je? Dawa inawatosha?"

"Inatosha. Wewe mshike mkono."

Marta alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaufumba, akamshika mtoto. Ephraimu akadhani ni woga.

Siku ya nane mkono wa aliyechanjwa hutakiwa uwe umevimba na kutunga lengelenge. Wa Kaanaeli ulikuwa mkavu, kikwaruzo kimeshapona. Ephraimu aliugeuza huku na huku karibu na dirisha. Dawa imekufa, aliwaza. Au Mungu ameniona. Siku hiyo hiyo Penina alimleta Ruth, mkono wake nao mkavu, akauliza kama ndivyo inavyokuwa.

"Mikono mingine huchelewa," Ephraimu alimwambia. Aliyasema hayo akiwa amempa mgongo, akijifanya anapanga chupa.

Tangu hapo chakula kikamshinda. Kaanaeli akikohoa tu, baba mtu anasimama.

Siku ya kumi na mbili aliitwa kwa Penina. Ruth alikuwa hoi kitandani, anawaka homa, na vipele vimeanza kumtoka kwenye paji la uso. Ephraimu aliishia mlangoni. Alikuwa ameviona vipele vya namna ile mara nyingi mno, hakuhitaji kuinama.

"Usijilaumu," Penina alisema, akimsindikiza hadi mwisho wa migomba. "Wewe ulinionya mapema. Ni mimi niliyechelewa na ujinga wangu, kama ulivyosema kanisani. Mungu akubariki kwa kujaribu."

Afadhali angemtukana. Ephraimu alishuka kilima akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake, waliokutana naye njiani wakampisha bila kumsalimia. Alipofika nyumbani alijitupa kwenye kigoda akamwambia mkewe yote: kwamba dawa ilikuwa moja, kwamba Ruth alipewa maji, kwamba hata huo wizi haukumfaa mtoto wao, mkono si huo, umelala kama haujaguswa.

"Mimi ni muuaji, Marta," alisema. "Nimemnyima mtoto wa watu, na wa kwetu naye bado hana kinga."

Marta hakumgombeza. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamwita mtoto, akamgeuza, akampandisha kaptura hadi juu kabisa ya paja, mahali panapooshwa na mama peke yake. Palikuwa na kovu la chanjo, la zamani, limeshafifia.

"Wachanjaji walipopita Makumira mwaka juzi, nilimpeleka," alisema kwa sauti ya chini. "Kinga anayo tangu hapo, ndiyo maana mkono haukuvimba. Nilijua unaogopa, baba Kaanaeli. Nikaona nikufichie aibu."