Kumbukumbu za Bi Mwanahawa

Mwaka ule kila mzee aliyeanza kusahau alipewa kidude cha sikioni cha kumnong'oneza kumbukumbu zake, na familia ndiyo iliyochagua programu ya kukiendesha. Tunu, mtengenezaji wa tovuti mjini Morogoro, alimchagulia mama yake, Bi Mwanahawa, programu huria, ambayo yeyote anaweza kuibadilisha, badala ya ile iliyouzwa na kampuni. Ile ya kampuni ilijiendesha yenyewe, na mafundi wake waliitika saa yoyote, lakini mteja hakuruhusiwa kugusa hata neno. Hii huria ilimchosha kwa marekebisho, ila aliweza kuifungua mpaka ndani.

"Kichwa cha mama yangu simwachii mgeni," aliwaambia wenzake kazini.

Kila asubuhi Bi Mwanahawa aliuliza mwanawe Shomari yuko wapi. Kidude kilimjibu ukweli, kwamba alifariki ajalini miaka sita iliyopita, naye aliangua kilio kama ndiyo kwanza anaambiwa.

Siku moja Tunu alishindwa kuvumilia. Alifungua kanzidata ya kumbukumbu za mama, akafuta mstari mmoja, akaandika kwamba Shomari yuko safarini.

Asubuhi iliyofuata mama hakulia. Alikunywa chai yote, akaomba na chapati ya pili. Tunu alijifuta machozi jikoni, akashukuru kwamba hakuchukua ile ya kampuni.

"Tunu, mwanangu!" Mama alikuwa chumbani, anatandika kitanda cha Shomari. "Hiki kidude hakisemi anarudi lini. Hebu niulizie."

Tunu akakaa mbele ya kompyuta. Nafasi ya tarehe ya kurudi ilikuwa wazi, wala hapakuwa na mtu wa kumkataza.