Nikimgusa, Anaamka

Bi Sikudhani alimsikia mumewe kwa masikio yake. Makame alikuwa uani akizungumza kwenye simu kwa sauti laini ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu fungate: "Nikimgusa tu, anaamka. Nikimwacha, analala."

Asubuhi akajifunga kibwebwe, akamfuata mpaka maabara anakofanyia kazi, akausukuma mlango.

"Yuko wapi?"

Makame hakushtuka. Alifurahi, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akamvuta mpaka kwenye hadubini. "Chungulia, mama watoto."

Chini ya lenzi palikuwa na kipande cha fuwele, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, chembamba kuliko ubawa wa nzi.

"Ni wa jamii ya vile vipande vya kutengenezea chipu za simu. Kwa asili yake si sumaku. Nikimpa umeme kidogo, anakuwa sumaku. Nikikata, anaacha." Akabonyeza kitufe. Mshale wa mita ya kupimia sumaku ukainama polepole, naye akatabasamu kama bwana harusi.

Sikudhani alitafuta nafuu moyoni, asiione. Huyu wa chini ya lenzi angekuwa mwanamke, Sikudhani angejua pa kuanzia.

"Yaani kitu hiki ndicho…"

"Usimwite kitu," Makame alimkatiza kwa upole, jicho lingali kwenye lenzi.

Sikudhani akapeleka kidole kwenye kitufe, akakibonyeza. Mshale ukainama, ukazidi kuinama.

"Basi, mke wangu. Mwachie, ataungua."

Hakuachia. Makame akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aingie, akamtazama yeye.

Kidole kikabaki pale pale.