Kitanda Kimoja cha Macho

"Nilikuwa nimekwisha kuolewa Wajerumani walipofika Gazi," alisema Kanze.

Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe. Kache alihisi damu ikimchemka. Wakati wa vita vile vya Wajerumani na Waingereza Kanze alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Alipoletwa kuolewa, Kache ndiye aliyempokea, akampaka mafuta, akamfundisha kusonga sima. Kisha mume wa Kache akafa, naye akarithiwa na shemeji yake, mume wa Kanze. Tangu siku hiyo mkubwa kwa miaka akawa mke mdogo.

Daktari Ndambuki, aliyetumwa na serikali mpya kuchunguza uzee wa watu wa Kwale, hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba wajane hawa wawili walikuwa na mtoto wa jicho, na hospitalini Mombasa kulikuwa na kitanda kimoja cha upasuaji. Angekipata aliye mzee zaidi. Gari lilikuwa likinguruma nje.

Kache alitaka kumwona Mapenzi, kitukuu wake, ambaye alimjua kwa harufu na kilio tu. Kwa hilo angekwenda popote. Hakujali maneno ya kisimani, kwamba Sefu wa Kibuyuni alipelekwa kupasuliwa macho na hajarudi mpaka leo.

"Nawe, mama?" daktari alimwuliza.

Kache akafungua kinywa. Lakini mke mdogo hamkanushi mkubwa mbele ya wageni.

"Aliyoyasema mwenzangu ndiyo. Yeye ndiye mkubwa," akajibu.

Miaka yote ilikuwa hivyo, Kanze kwanza. Hata mwaka wa njaa, walipochimba viazi vya porini, vile vichungu vilivyoua watu kwa jirani, Kanze alikula peke yake asubuhi. Wengine walingoja mpaka jioni, watoto wakilia. Kache hakuwahi kumsamehe choyo kile.

Akapapasa ukuta mpaka kwenye gari, Kanze alimokwisha kupandishwa, amwambie japo neno moja maishani.

"Umeniibia macho yangu."

Mkono wa Kanze ukamtafuta, ukamshika. Ulikuwa baridi.

"Nisiporudi, usikubali kupelekwa," Kanze alinong'ona. "Ni kama vile viazi, dada. Ngoja mpaka jioni."