Atakayepiga Kelele

Nyevu aliiambia seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, imwonyeshe kila mlango wa mtandao inaousikiliza. Wa barua, wa kurasa, wa mafundi, yote aliijua. Lakini huu wa mwisho, haki ya Mungu, hakuwahi kuuona! Na mtu keshaingia, yumo humu humu ofisini.

"Huyu ndiye anayesoma barua za wateja, tajiri. Si mimi!"

Tajiri alisimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Tangu asubuhi alikuwa akimwambia kesho asijisumbue kuvuka na feri kuja kazini.

"Huyu nani? Nionyeshe."

"Naufunga sasa hivi. Atakayepiga kelele, ndiye."

Aliweka kidole juu ya kitufe. Na pakiwa kimya je? Akabonyeza.

Watu waliendelea kuchapa na kuchekeana.

Mara chumba cha pili sauti ikapaa: "Baba! Nani kanikatia?"

Kahawa ilimmwagikia tajiri kwenye kanzu, wala hakuifuta. Aliinama mpaka sikioni kwa Nyevu.

"Mfungulie," akanong'ona.