Msiba Haupigiwi Simu

"Lete hiyo simu," Shamso alisema walipoingia kwenye lifti. "Ukienda nayo italia hata kabla hujafungua mdomo."

Idil akampa. Kwa miaka mingi alikuwa akitangaza kwa simu hiyo kutoka jikoni kwake hapa Gothenburg, akiwataja waandishi waliofungwa Mogadishu na wasichana waliodhulumiwa kisha wakanyamazishwa. Sasa mikono yake haikujua iende wapi.

"Leo umeachana na mumeo," Shamso akatania. Lakini hakucheka, wala hakumtazama.

Mchana huo mhariri alikuwa amepiga kutoka Mogadishu. Gari la kituo chao cha habari limelipuliwa. Liban, mpiga picha, amefariki. "Nenda kwa mama yake, Idil. Nenda sasa hivi. Shamso anakuja kukuchukua." Akakata bila kuaga.

Idil hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao msiba haupigiwi simu. Wanawake hukusanyika kwanza, wakakaa na mama, ndipo mmoja akasema. Hata hewani Idil hakuwahi kutaja jina la marehemu kabla mama yake hajashikwa mkono.

Na nani mwingine wa kumwambia Dahabo, mama yake Liban? Liban alikuwa akifanya kazi kituoni hapo na Sagal, binti wa Idil. "Mama, wewe unapiga kelele kutoka mbali," Sagal alimwambia siku ile akifunga sanduku. "Mimi nakwenda kupiga hukohuko." Asubuhi na mapema alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: leo anabaki ofisini, Liban ndiye anayekwenda bandarini. Tangu habari ifike, Idil alikuwa akimpigia Sagal bila kujibiwa. Atakuwa hospitali, maskini, analia juu ya mwili wa rafiki yake.

"Nitaanzaje, Shamso?"

"Utaanza na Bismillahi." Shamso akamshika kiwiko, akamkaza kama anayemvusha barabara.

Mlango wa Dahabo ulikuwa wazi, viatu vya wanawake vimejaa kizingitini. Idil akashukuru moyoni. Kumbe Shamso amewahi kuwaita. Ndani walikuwa wameketi ukuta mzima, mitandio imeshushwa usoni, chai ya iliki ikipoa mbele yao bila kuguswa. Hata Hawo, ambaye hakuchoka kumwita "redio mbao", aliinuka akampisha mahali pake pa katikati.

"Kaa hapa, dada yangu," Hawo alisema. Safari hii sauti yake haikuwa na mwiba.

Dahabo alikuwa jikoni. Maji ya bomba yalisikika yakitiririka muda mrefu, kisha yakafungwa. Akatoka na uso uliooshwa na kikombe mkononi, akakiweka mbele ya Idil. Macho yake yalikuwa mekundu. Mafua, Idil alijiambia. Bibi wa watu ana mafua tangu wiki iliyopita.

"Kunywa, mwanangu. Najua hujala leo."

"Shangazi, acha chai. Kaa kidogo. Nimekuja na habari."

Dahabo akaketi naye goti kwa goti. Idil akavishika viganja vyake, vilikuwa baridi na vimelowa. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoroka. Yeye aliyewajibu mawaziri bila kumeza mate, leo alitafuta pa kuanzia.

"Liban," akasema. "Liban wetu, shangazi..."

Akashindwa.

Hakuna aliyepiga yowe. Dahabo hakutikisika. Aliigeuza mikono yake taratibu, mpaka ikawa yeye ndiye anayemshika Idil, na alimshika kwa nguvu zake zote. Nyuma, wanawake walijisogeza mmoja mmoja hadi Idil akahisi magoti yao mgongoni.

"Ya Liban niliambiwa asubuhi, mwanangu," Dahabo alisema. "Hawa wote wamekuja kwa ajili yako."